Protini Inayolisha Neva na Safari Yake Ngumu ya Kufika Ubongoni

Bibi yangu anakaa Mikindani, na kila alasiri utamkuta barazani na fungu la ukindu pembeni, anasuka ukili. Vidole vyake havikosei. Chane moja inapita juu, nyingine chini, anabana kwa kidole gumba, anapachika chane mpya pale ya zamani inapoelekea kuisha, na ukili unazidi kurefuka mapajani mwake. Mwezi uliopita nilikaa naye, na kabla chai yangu haijapoa alikuwa ameshaniuliza mara tatu: "Mwanangu, we mwana wa nani?" Mara zote tatu nilimtajia jina la mama yangu, ambaye ni binti yake wa pili. Mara zote tatu alifurahi kama mtu aliyeletewa habari mpya.

Jioni ile mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya mambo ya ukoo, alinionyesha ujumbe kwenye simu yake. Kuna mtu anauza vidonge "vya protini ya kukuza neva", eti vinarudisha kumbukumbu kwa siku tisini. Dozi nzima ingemeza pesa za magunia mawili ya korosho. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, kwa hiyo swali lilinifikia: "Mpwa wangu, hiki kitu kipo au hakipo?"

Protini ipo. Iligunduliwa kabla mjomba hajazaliwa, ikawapa waliohusika Tuzo ya Nobel, na imeshawekwa ndani ya ubongo wa binadamu walio hai. Kilichokosekana mpaka leo ni njia ya kuifikisha inapohitajika bila kumdhuru mgonjwa. Kidonge hakiwezi kuwa njia hiyo. Nilimweleza mjomba kwa usiku mbili, na hapa naandika yale niliyomweleza, kwa sababu najua ujumbe ule haukuja kwake peke yake.

Tuanze na ugonjwa. Mzee akisahau alikoweka jembe, huo ni uzee. Akilishika jembe akauliza ni la nini, hapo kuna maradhi. Madaktari huuita dimensia, na si ugonjwa mmoja bali ni hali inayoletwa na magonjwa mbalimbali yanayoharibu ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza. Shirika la Afya Duniani linaukadiria kuwa asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaodhani haya ni maradhi ya Wazungu wauangalie utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013: kati ya watu wa miaka 70 na kuendelea, waliokuwa na dimensia walikadiriwa kuwa asilimia 6.4. Kwa wazee mia moja, hao ni sita au zaidi kidogo. Huku kwetu nao wapo, ila wengi tunawaita kwa majina mengine. Nimesikia minong'ono kwamba bibi amerogwa. Imeniuma sana, maana mzee akishapewa sifa hiyo, au ikageuzwa akaitwa mchawi yeye mwenyewe, hakuna tena anayefikiria kumpeleka hospitali.

Na ule ukili? Hapo ndipo ugonjwa unapoonyesha njia unazopita. Kumbukumbu haikai kwenye ghala moja. Mambo ya leo asubuhi, nani kaja, umekula nini, huhifadhiwa kwanza kwa msaada wa hipokampasi, sehemu ndogo iliyojikunja ndani ya ubongo usawa wa masikio, pamoja na tabaka la jirani yake liitwalo entorino. Alzheimer kwa kawaida huanzia maeneo hayo. Ujuzi wa mikono, kama kusuka, kutwanga au kupiga kasia, una njia nyingine ambazo huchelewa kuguswa. Bibi alijifunza kusuka akiwa mwali. Ukili umebaki, na mjukuu aliyekuja juzi amefutika.

Habari ya protini inaanzia kwenye mayai ya kuku. Rita Levi-Montalcini alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1909, akasomea udaktari. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitunga sheria za ubaguzi zilizowafungia Wayahudi milango ya vyuo, naye alikuwa Myahudi. Akahamishia maabara chumbani kwake. Sindano za kushonea alizinoa zikawa vifaa vya upasuaji. Mayai aliyatafuta kwa wakulima wakati vita imepamba moto, akayatoboa na kuchunguza viinitete vya vifaranga. Alichokiona ni hiki: ukikikata kiungo cha kiinitete, neva zilizokuwa zielekee kwenye kiungo kile huzaliwa, huanza safari, kisha hufa. Kwa hiyo neva haikuwa imekosa uwezo wa kukua. Ilikosa kitu ambacho kiungo kile kingeipa.

Mwaka 1947 alialikwa St. Louis, Marekani, kwenye maabara ya Viktor Hamburger. Huko kulikuwa na jambo lililowashangaza watafiti: aina fulani ya uvimbe wa panya ukipandikizwa kwenye kiinitete cha kuku, neva huuvamia kwa wingi kuliko kawaida. Mwaka 1952 Levi-Montalcini alisafiri hadi Rio de Janeiro, kwenye maabara iliyojua kukuzia seli ndani ya vyombo vya kioo, akiwa amebeba panya wenye uvimbe ule. Aliweka kipande cha uvimbe karibu na fundo la neva bila kuvigusanisha. Ndani ya siku moja fundo lile lilikuwa limetoa nyuzi pande zote, kama miale ya jua. Uvimbe ulikuwa unatoa kitu kinachosafiri.

Kukitambua kitu chenyewe ilikuwa kazi ya mwanabiokemia Stanley Cohen. Alitumia sumu ya nyoka kama nyenzo tu, akitaka ivunje asidi za viini, yaani DNA na jamaa zake, ili ajue kama kitu kile ni protini au la, akakuta sumu yenyewe imejaa protini ileile, tena kupita uvimbe. Kutoka kwenye tezi za sumu za nyoka akakumbuka tezi za mate, akazipima za panya dume, na huko akaipata kwa wingi zaidi. Ikapewa jina la kipengele cha ukuaji wa neva, na dunia nzima huiita kwa herufi tatu, NGF. Wawili hao walipewa Nobel mwaka 1986. Levi-Montalcini alifariki mwaka 2012, akiwa na miaka 103.

Inafanyaje kazi? Mjomba nilimpa mfano wa mtoto wake aliye Dar es Salaam. Seli ya neva ina kiwiliwili, na ina mkono mrefu ajabu unaofika mbali. Chukulia kiwiliwili ni nyumba ya kijijini, na ncha ya mkono ni kijana aliyekwenda mjini. Kijana akipata riziki, anaituma nyumbani. NGF hutolewa na seli zilizoko kule ncha ya neva inakofikia. Ncha inaipokea kwa kipokezi maalumu, na ujumbe wa kwamba imepokelewa husafirishwa kurudi nyuma mpaka kwenye kiwiliwili. Nyumba inayopokea inaendelea kusimama, inakarabatiwa, inaongeza vyumba. Isiyopokea huporomoka. Mtoto akiwa tumboni, neva huzaliwa nyingi kuliko zinazohitajika, na zile zisizopata mgao hufa. Hivyo ndivyo mwili unavyolinganisha idadi ya neva na kazi iliyopo.

Ukishakua, hitaji hilo haliishi. Chini ya ubongo wa mbele kuna kundi la seli liitwalo kiini cha Meynert. Mikono yake hutawanyika karibu ganda lote la ubongo ikipeleka asetilikolini, kemikali inayohitajika sana katika umakini na kumbukumbu. Seli hizo zinategemea NGF kutoka huko zinakofika. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, zinasinyaa na kufa kwa wingi. Dawa kama donepezili, ambayo wengine wetu tumewahi kuandikiwa kwa ajili ya wazee wetu, huzuia asetilikolini iliyobaki isivunjwe haraka. Inasaidia kiasi, kwa muda, kwa baadhi ya wagonjwa. Haizuii seli kufa.

Ungetarajia kwamba ubongo wa mgonjwa umeishiwa NGF. La ajabu ni kwamba kwenye ganda la ubongo malighafi yake mara nyingi ipo, tena imezidi. Hapa mfano mzuri upo mashambani kwetu. Korosho ikitoka kwenye bibo huwezi kuila. Ganda lake lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Waliowahi kubangua bila kujipaka majivu au mafuta wanajua vidole hugeukaje. Mpaka ibanguliwe ndipo inakuwa chakula. NGF nayo hutengenezwa ikiwa na ganda, umbo refu la awali ambalo vimeng'enya hulikata ili ikomae. Iliyokomaa hushika kipokezi kinachoambia seli iishi. Ile ya awali hupenda kipokezi kingine, ambacho chaweza kuisukuma seli kwenye kifo. Kwenye Alzheimer umbo la awali hurundikana, vipokezi vya uhai hupungua, na usafirishaji ndani ya neva hukwama. Riziki ya mjini ipo, lakini nyumbani haifiki.

Basi wazo likazaliwa lenyewe: tuwapelekee wagonjwa NGF iliyokomaa.

Na hapa ndipo kidonge kinapoishia. Protini ukiimeza, tumbo na utumbo huikatakata kama zinavyoikata nyama au kunde. Ukiichoma kwenye mshipa, itakutana na ukuta wa mishipa midogo ya ubongo, ambao huzuia molekuli kubwa zisipite kutoka kwenye damu. NGF ni kubwa. Ndiyo maana watafiti wa Sweden, miaka ya 1990, waliimimina moja kwa moja kwenye vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo. Wagonjwa walikuwa watatu tu. Walipata maumivu ya mgongo na kupungua uzito, kazi ikasimamishwa. Maumivu yale hayakuwa bahati mbaya, kwa sababu NGF huziamsha pia neva zinazohisi maumivu. Kiasi kwamba kampuni za dawa zilitumia miaka mingi kutengeneza kingamwili za kuizuia NGF ili kutuliza maumivu ya viungo. Ukiisambaza kila mahali, unamwumiza mgonjwa, kwa hiyo ni lazima ifike mahali pake na isivuke hapo.

Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha California, San Diego, kikosi cha Mark Tuszynski kilijaribu njia ya ujasiri mkubwa. Walichukua seli za ngozi za mgonjwa mwenyewe, wakaziwekea jeni la kutengeneza NGF, kisha wakazipandikiza karibu na kiini cha Meynert. Wagonjwa walikuwa wanane. Mwanzoni upasuaji ulifanywa wakiwa macho na dawa za kutuliza tu, na wawili walijisogeza sindano ikiwa ndani. Damu ilivuja ubongoni, na mmoja wao baadaye alifariki. Waliofuata walilazwa kwa nusukaputi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kama vile kasi ya kusahau imepungua, ila watu wanane bila kundi la kulinganisha ni ushahidi wa kutia moyo tu, si wa kujengea nyumba. Kilichonigusa zaidi kilikuja mwaka 2015, walipochunguza ubongo wa wagonjwa kumi waliokuwa wamepata NGF na baadaye kufariki, wengine miaka kumi baada ya tiba. Kwa wote kumi, seli zilizo jirani na NGF zilikuwa zimechipua nyuzi mpya kuielekea, ndani ya ubongo mzee uliokwisha kuliwa na ugonjwa. Miale ile ya Rio ikaonekana kwa binadamu.

Kisha likafuata jaribio kubwa zaidi. Badala ya seli za ngozi, walitumia kirusi kisicholeta ugonjwa, kilichobebeshwa jeni la NGF. Wagonjwa 49, takriban nusu walipata tiba, wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza ili wasijue wako kundi gani. Baada ya miaka miwili, majibu yaliyotoka mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti yoyote ya kumbukumbu kati ya makundi hayo. Ilionekana kana kwamba NGF imeshindwa.

Mjomba alipofika hapo alikata tamaa. Nikamwuliza: mwaka ule salfa uliyopulizia ikashindwa kuzuia ubwiriubwiri, ule ukungu unaoharibu maua ya mikorosho, salfa ilikuwa mbovu? Akacheka. Vijana walichelewa, wakapuliza jua limeshapanda na upepo umeamka, unga wote ukaenda kwa jirani. Salfa hupulizwa alfajiri, kumetulia na umande ungalipo, ili unga ukae kwenye maua. Ikikosa maua, huwezi kuihukumu.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchunguzi wa ubongo wa baadhi ya waliofariki baada ya jaribio lile. Protini ilikuwa imetengenezwa, lakini ilisambaa takriban milimita moja tu kutoka sindano ilipoingia, na haikufika kwenye seli zilizolengwa. Kwa maana hiyo jaribio halikuijibu hoja iliyoulizwa. Wagonjwa wale walitobolewa vichwa na dawa haikugusa mahali pake. Nalisema hili kwa heshima yao, kwa sababu miili waliyoikubali ichunguzwe ndiyo iliyotufundisha kosa lilikuwa wapi.

Kwamba NGF yaweza kutibu pale inapofika, hilo lina ushahidi jichoni. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha matone ya NGF kwa ugonjwa ambao neva za kioo cha jicho hufa na kidonda hakiponi. Jicho liko nje, tone linafika. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu.

Sasa macho yako kwa ndugu wa NGF. Mwaka 1982 Yves-Alain Barde na Hans Thoenen waliichuja protini nyingine kutoka kwenye ubongo wa nguruwe, inayojulikana kama BDNF. Hii huhudumia hipokampasi na entorino zenyewe, palepale ugonjwa unapoanzia, na huimarisha maungio ambayo seli hutumia kupashana habari. Mwaka 2009 kikosi cha San Diego kilionyesha kwamba ikiwekwa kwenye entorino ya panya na nyani, hupunguza kufa kwa seli na huboresha kujifunza. Mwaka 2021 chuo hicho kilitangaza jaribio la kwanza kwa binadamu, washiriki 12, wenye Alzheimer au walio kwenye hatua inayoitangulia. Safari hii dawa inamiminwa taratibu huku mgonjwa akiwa kwenye mashine ya picha za MRI, ili daktari aone inapoenea wakati uleule.

BDNF ina jambo jingine linalonipendeza: mwili wenyewe huongeza kuitengeneza kwa mazoezi. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2011 ulichukua wazee 120 wasio na dimensia. Nusu walitembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, mwaka mzima. Wengine walinyoosha viungo tu. Hipokampasi za watembeaji ziliongezeka kama asilimia 2, za wengine zikasinyaa kidogo, na walioongezeka zaidi ndio waliokuwa na ongezeko kubwa la BDNF kwenye damu. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, kwa hiyo sisemi kutembea kunatibu. Ila tume ya jarida la kitabibu la Lancet, mwaka 2024, ilihesabu mambo 14 yanayochangia dimensia, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa yangeshughulikiwa. Humo kuna kutofanya mazoezi, presha, kisukari, uziwi, kutoona vizuri, upweke, sigara na kukosa shule utotoni.

Pesa za magunia yale mawili hazikwenda kwa mwenye vidonge. Tulimpeleka bibi hospitali, maana kuna usahaulifu unaotokana na mambo yanayotibika: tezi ya shingo kufanya kazi pungufu, upungufu wa vitamini B12, sonona, dawa zinazogongana, hata damu iliyovuja polepole ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Kwake hayo hayakuonekana. Presha ilikuwa juu sana, na jicho moja lina mtoto wa jicho. Presha anameza dawa, jicho litafanyiwa upasuaji. Jioni anatembezwa na wajukuu hadi ufukweni na kurudi. Bado ananiuliza mimi ni mwana wa nani.

Mjomba anafuatilia sasa kuliko mimi. Juzi alinipigia: "Wale kumi na wawili, wamekumbuka?" Nikamwambia jaribio la watu 12 halijawekwa kujibu hilo. Hatua ya kwanza huangalia usalama, na kama protini imetua. Kumbukumbu itapimwa sawasawa kwenye jaribio kubwa lenye kundi la kulinganisha, na hilo huchukua miaka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza: "Watajuaje imetua, na mtu yuko hai?" Nikamweleza kwamba dawa huchanganywa na kitu kinachong'aa kwenye picha, kwa hiyo mahali inapoenea panaonekana pakiwaka.

"Kama unga mweupe juu ya maua," akasema.

"Kama unga juu ya maua, mjomba."